Kila mtu ananiuliza kwa nini nilisomea uhandisi

BARUA

Shikamoo Mama,

Uniwie radhi, sitataja jina langu wala chuo. Nina miaka 22, nasoma uhandisi wa ujenzi mwaka wa tatu Dar es Salaam, kwetu ni Morogoro. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama yangu mzazi anauza vitenge na mitandio sokoni, na mjomba ndiye anayenisogeza bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, linapokata.

Kinachonisumbua ni swali moja ambalo naulizwa kila ninapogeuka: kwa nini ulichagua uhandisi? Ananiuliza jirani, ananiuliza dereva wa bajaji akiniona na rula ya kuchorea, wananiuliza wahadhiri, na mashemeji watarajiwa ndio usiseme. Kaka yangu anasoma umeme wa majumbani VETA, chuo cha ufundi, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza. Darasani kwetu wasichana hatufiki robo, na wavulana tunaokaa nao dawati moja hawaulizwi.

Sasa mwezi ujao nimeitwa kwenye mahojiano ya ufadhili ambao kampuni moja inautoa kwa wasichana wanaosoma uhandisi. Rafiki yangu aliyepita mwaka jana kaniambia swali la kwanza ni hilohilo. Kanishauri niseme tangu utotoni nilikuwa nafungua redio na kuzifunga, na kwamba ndoto yangu ni kujenga nchi. Mama, si kweli. Redio yetu ilikuwa ya baba na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Ukweli ni kwamba kidato cha nne nilipata A ya hisabati, mwalimu wangu akanisukuma nichague PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Kidato cha sita matokeo yalipotoka, mjomba akasema uhandisi unapata mkopo bila taabu sana na kazi zake zinalipa. Nikajaza. Nilitaka kazi itakayomtoa mama sokoni. Basi, hiyo ndiyo sababu yote niliyonayo.

Mwaka jana nilipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya somo la miundo. Nilifaulu nilipoirudia, lakini mama aliposikia alilia. Anataka nihamie ualimu au uhasibu kabla sijazeeka humo. Anasema kazi ya kulala porini na wanaume itanirudisha nyumbani na mimba. Mchumba wangu naye kasema wazi kwamba mke wake hatalala kambini.

Fildi ndiyo iliyonimaliza nguvu. Likizo iliyopita nilipangiwa kwenye barabara ya changarawe ya wilaya moja. Siku ya kwanza msimamizi wa saiti akanikabidhi daftari la mahudhurio, niwe naandika vibarua wanaoingia na kutoka, na saa nne nisaidie chai. Wenzangu wawili wa kiume wakapewa levo, kifaa cha kupimia usawa wa ardhi, na fimbo yake ya vipimo. Nikawa nikimaliza kuandika majina naenda kuwaangalia. Kulikuwa na kalavati, njia ya maji ya kupita chini ya barabara, linawekwa kwenye kijito, mabomba mawili ya zege ya sentimita 90. Nikaona mdomo wa bomba, upande maji yanakoingilia, umekaa juu ya kitanda cha kijito. Wenzangu walipokwenda kula, kibarua mmoja akanishikia fimbo nikapima mwenyewe: ulikuwa juu kwa sentimita 20 na ushee. Nikaenda upande wa pili, nikakuta mteremko wa bomba nao ni kama haupo. Nikachora nyuma ya daftari la mahudhurio, nikaandika kwamba mvua ikija maji yatatuama upande wa mlimani, yatafute njia pembeni ya bomba na kula tuta la barabara. Nikampelekea msimamizi. Akacheka, akaniuliza, "Binti, hivi kwa nini hukusoma unesi?" Wakafukia. Mvua ikaja, maji yakajaa upande wa juu, yakapita pembeni na kuondoka na udongo wa tuta. Wakafukua na kuweka upya. Hakuna aliyenitaja. Mpaka leo nikilala nawaza: wangeshusha mabomba tu ingetosha, au walihitaji bomba la tatu? Maana eneo linaloleta maji pale ni kubwa na mlima wote umefyekwa.

Nisaidie, Mama. Nijibu nini kwenye mahojiano? Na je, mtu aliyeingia kwa sababu ya mkopo na mshahara ana haki ya kubaki, au niwaachie wenye wito?

Mwanao, mwaka wa tatu

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kumpoteza baba mapema.

Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokuumiza kuliko yote. Haki ya kubaki unayo, kamili, na sitaki uiombe kwa mtu. Binti anayejaza fomu akiwa na nia ya kumtoa mama yake kwenye jua la soko ana sababu nzito kuliko nyingi nilizozisikia kwenye vyumba vya mahojiano, na nimekaa pande zote mbili za meza ile. Mimi ni mhandisi wa maji. Nilisoma PCM kwa sababu shule yetu haikuwa na mwalimu wa baiolojia. Nikaenda uhandisi kwa sababu alama zangu zilifika huko. Mapenzi ya kazi yalinikuta kazini, nikiwa tayari nalipwa.

Mabinti niliowasimamia kwa miaka hii nimezoea kuwauliza walifikaje, na huwa nawauliza na wavulana vilevile. Mmoja baba yake ni fundi mwashi, alikulia kwenye mchanga na matofali. Mwingine alikuwa na mwalimu wa fizikia aliyemwamini. Mwingine kaka yake alimwambia hataweza, akaenda kwa hasira, na hasira ile ikamfikisha. Wengi walisema kama wewe: hisabati haikuwasumbua, mkopo ulipatikana, nyumbani kulihitajika mtu wa kushika mzigo. Wavulana walisema hayohayo. Tofauti ni kwamba wao waliyasema bila aibu.

Ukiangalia waliotangulia utakuta ni vivyo hivyo. Alice Perry wa Galway, kule Ireland, alipata shahada ya uhandisi mwaka 1906, akiwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa Ulaya kuipata. Alikua nyumbani kwa mhandisi. Baba yake ndiye aliyesimamia barabara na majengo ya umma ya kaunti. Baba alipofariki mwaka huohuo, binti alishika kazi ile kwa miezi michache, kisha nafasi ya kudumu akapewa mwingine. Mary Jackson wa Virginia, Marekani, alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuajiriwa mwaka 1951 kupiga mahesabu kwenye kituo cha utafiti wa ndege cha Langley. Akapangiwa kazi na mhandisi Kazimierz Czarnecki kwenye handaki la upepo la kujaribia ndege, na huyo ndiye aliyemwambia asome awe mhandisi. Madarasa yenyewe yalifanyika kwenye shule ya wazungu watupu, ikabidi aombe kibali cha mji wa Hampton ili aruhusiwe kuketi humo. Mwaka 1958 akawa mhandisi wa kwanza mwanamke mweusi wa NASA, shirika la anga la Marekani lililokichukua kituo hicho. Perry alivutwa na baba, Jackson alisukumwa na mkuu wake wa kazi. Sijasikia mtu akiwanyang'anya sifa zao kwa kuwa hawakuanza na wito.

Nikuoneshe na upande mwingine. Ripoti ya sayansi ya UNESCO ya mwaka 2021 inasema wanawake ni asilimia 28 ya wahitimu wa uhandisi duniani. Lakini ukifungua nchi moja moja unashangaa. Algeria ni karibu asilimia 49. Tunisia 44. Oman, ambako wengi wetu wa pwani tuna ndugu, ni asilimia 43. Marekani wako kwenye 20, Kanada karibu 20, na Japani, nchi ya treni na magari, asilimia 14. Kama uhandisi ungekuwa unachagua wanawake kwa maumbile, Muscat na Tokyo zisingepishana hivyo. Mimi ninavyoona, kunako familia zinazouhesabu uhandisi kuwa kazi ya heshima yenye kipato cha uhakika, zinamsukuma binti kama zinavyomsukuma kijana, naye anakwenda kwa hiyohiyo hesabu ya mkate uliyoifanya wewe na mjomba wako. Mjomba wako amekutendea jambo la maana sana, mwambie hivyo.

Swali hilo unaulizwa wewe, na kaka yako haulizwi, kwa sababu anayeuliza anakuona uko mahali anapodhani si pako, na anakutaka ulipie kiingilio kwa maelezo. Wakati mwingine anauliza kwa upendo, wakati mwingine kwa kejeli kama yule msimamizi wako, lakini mzigo ni uleule: mwanamke lazima awe na wito mkubwa ndipo aruhusiwe kushika levo. Inanikera, sikufichi. Nchi inayohitaji maji, barabara, umeme na nyumba haiwezi kuwaweka nusu ya watu wake mlangoni wakijieleza. Nina matumaini na wadogo zako. Serikali imekuwa ikijenga shule 26 za sekondari za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa wa Bara, na mabinti wanaotoka humo watakuwa wengi kiasi kwamba kuwauliza mmoja mmoja kutachosha. Wewe bado umo kwenye kundi la wanaoulizwa.

Sasa rudi kwenye barua yako uisome kama ya mtu mwingine.

Umeniandikia kuhusu mama, mchumba, sapu, mjomba na mahojiano, lakini aya ndefu kuliko zote ni ya kalavati. Ulipewa daftari la mahudhurio, ukaligeuza kuwa daftari la vipimo. Hakuna aliyekutuma. Ulimwomba kibarua akushikie fimbo saa ya chakula, wakati wenye levo wamekwenda kula. Ulipima upande mmoja, hukuridhika, ukaenda wa pili. Ulisema maji yatafanya nini, na yakafanya. Halafu miezi imepita na bado unalala ukiwaza kama bomba la tatu lilihitajika. Mtu aliyefuata mshahara peke yake angekuwa ameshalisahau kalavati lile siku alipopanda basi kurudi nyumbani. Namna ulivyoingia inaeleza uko hapo tangu lini. Kama ukae au uondoke, hilo nalitazama kwenye aya ile.

Na kwa kuwa umeuliza kama mhandisi, nikujibu kama mhandisi. Kushusha mabomba hadi usawa wa kitanda cha kijito, na kuyapa mteremko, kunatibu kutuama kulikosababishwa na mdomo kukaa juu. Hakutibu uhaba wa nafasi, kama upo. Ili ujue kama upo, unahitaji vitu vitatu na kuvizidisha: eneo linalomwaga maji kwenye kijito kile, ukali wa mvua unayoikadiria, na sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini. Mlima ukifyekwa, hiyo ya tatu ndiyo inayopanda, na kalavati lililotosha enzi za msitu linakuwa dogo bila mtu kuligusa. Tafuta ramani ya mwinuko wa eneo lile, pima eneo la mwago, ukokotoe. Angalia pia kama waliporudia walipanga mawe mdomoni na kwenye kingo, maana bila hayo hata mabomba matatu yatachimbwa pembeni. Hesabu hiyo itakuchukua siku mbili tatu. Ifanye kabla ya mahojiano.

Kwenye mahojiano usiseme redio. Ukisema redio, swali la pili litakuwa ulikuwa unaona nini ndani yake. Jibu la kweli unalo na ni fupi: "Niliingia kwa sababu hisabati niliiweza na nilitaka kazi ya kumtunza mama yangu. Nimebaki kwa sababu nikiwa fildi niliona kalavati limewekwa vibaya, nikapima, na nikajua maji yatapita wapi kabla hayajapita." Kisha nyamaza wakuulize. Watakuuliza, nawafahamu watu wa kazi hii. Hapo utawaeleza vipimo, na ukiwa na ile hesabu ya bomba la tatu mkononi, mazungumzo yatageuka kuwa ya wahandisi kwa wahandisi. Jina la saiti na la msimamizi yaache nje. Hukwenda pale kumshitaki mtu.

Wakikuuliza wanawake wanaleta nini kwenye uhandisi, jibu kama una mfano, na kama huna sema unaleta kazi nzuri. Mimi ninao mmoja. Tuna kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani, na tangu 2019 tuna RUWASA wanaoshughulikia maji ya vijijini. Lakini kituo cha kuchotea maji kinaweza kutoa maji safi na bado kikamuumiza mama mgongo, kama ndoo iliyojaa inabidi ainyanyue kutoka chini hadi kichwani peke yake. Ndiyo maana kituo kilichochorwa vizuri kina jukwaa la pili, la juu, ambapo ndoo inatuliwa kwanza ili aichukue ikiwa usawa wa kifua. Anayejua uzito wa ndoo ya lita 20 analikumbuka jukwaa hilo wakati wa kuchora. Huko Sweden, Astrid Linder na wenzake wametengeneza sanamu la kujaribia ajali za magari lenye vipimo vya mwanamke wa wastani, likaoneshwa hadharani mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya masanamu yaliyofuata umbo la mwanaume. Mambo hayo yana thamani, na ni sababu nzuri ya kututaka wengi humu. Ila usikubali yawe sharti. Mhandisi mwanaume haulizwi analetea wanaume nini.

Kuhusu sapu: wangapi darasani kwako walisapu somo lile, na wangapi kati yao waliambiwa na mama zao wahame? Somo la miundo linaangusha watu kila mwaka. Uliirudia ukafaulu, imekwisha. Nina shaka moja tu, na uniambie kama nimekosea: je, wavulana wanafanya diskasheni usiku kwenye hosteli zao, ninyi mnabaki na maswali yenu? Hilo limewaangusha mabinti wengi wenye akili nzuri. Anzisheni kundi la mchana, maktaba au darasa tupu, na waalikeni hao wavulana waje. Chora michoro ya momenti, ile inayoonesha nguvu zinazopinda boriti, kwa mkono mpaka uweze kukisia umbo lake kabla ya kukokotoa.

Mama yako. Usimjibu kwamba amepitwa na wakati, kwa sababu anachokiogopa kipo. Kambi zisizo na choo cha wanawake zipo. Wasimamizi wanaotaka kulipwa kwa mwili ili wasaini kitabu cha fildi au wampe mtu ajira wapo. Huyo wako alikuwa na dharau tu, Mungu ashukuriwe, lakini ujue mapema: rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Kabla ya kwenda fildi nyingine uliza, kwa barua kama inawezekana, utalala wapi, nani mwingine wa kike yupo, na mratibu wa chuo atakuja lini kukagua. Kuuliza hivyo si udhaifu; mhandisi yeyote hukagua mazingira kabla ya kupeleka watu. Na siku ya kwanza ukikabidhiwa tena daftari la mahudhurio, lipokee kwa heshima, halafu mwambie msimamizi mbele ya wengine kwamba kitabu chako cha chuo kinadai upime, usome michoro na uwepo wakati zege linapimwa, kwa hiyo unaomba mpangwe kwa zamu. Kwa zamu, hilo neno ni gumu kulikataa. Chukua na futi yako na daftari lako mwenyewe.

Mchumba nitamsema kwa ufupi. Kazi unayosoma ina kambi, hata kama si maisha yote. Anayekutaka aichukue pamoja na hizo kambi, au aseme sasa hivi hawezi, nawe umsikie.

Kuhama kozi kunawezekana, na ualimu na uhasibu ni kazi za heshima. Ukigundua unachukia kupima, unachukia hesabu, unachukia udongo na jua, hama na usione aibu. Lakini usihame kwa kuwa umekosa jibu la kumridhisha dereva wa bajaji.

Ukimaliza, sajiliwa mara moja na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu; usikae na cheti ndani ukingoja ajira. Bodi ina mpango wa mafunzo kazini wa miaka mitatu, SEAP, unaokuweka chini ya mhandisi aliyesajiliwa hadi ufikie kuwa mhandisi mtaalamu na kula kiapo chako. Serikali ya Norway iliwahi kufadhili mafunzo hayo mahsusi kwa wahitimu wa kike, kwa hiyo kila mara uliza kama kuna ufadhili wa namna hiyo unaoendelea. Taasisi ya Wahandisi Tanzania, IET, ina kitengo cha wanawake, na huko utakutana na watu waliopitia kila ulichoniandikia, kuanzia chai ya saa nne. Utakutana na waliofika mbali pia. Zena Ahmed Said ni mhandisi, na mwaka 2021 aliteuliwa kuwa Katibu Mkuu Kiongozi wa Zanzibar, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Mama yako mweleze pia kwamba uhandisi wa ujenzi si porini tu. Kuna ofisi za kuchora, kuna maabara za udongo na zege, kuna halmashauri, mamlaka za maji, kampuni za ukaguzi. Miaka ya mwanzo utakwenda saiti, na lazima uende, kwa sababu asiyekaa saiti hachori vizuri. Baadaye utachagua. Mwambie na pesa, usione haya: mhandisi aliyesajiliwa anaweza kusaini kazi yake na kudai malipo yake. Mwambie jioni akishafunga biashara na kula, mjomba akiwepo. Asubuhi kabla ya wateja hatakusikiliza.